MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Wazee wetu walinena ya kwamba mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma mbele ya jamaa na jirani zake hakosi mtu wa kumtia senti mkononi au kumpangusa jasho kwa leso. Methali hiyo twaitumia siku zote, walakini ni mara chache tujiulizapo hapo "kwao" ni mahali gani hasa. Je, ni uwanja upi? Umetengenezwa na nani? Na ni nani aliye na haki ya kusema ya kwamba wimbo huu umeimbwa sawasawa, na huu umeharibika?

Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji habari za kijiji kimoja katika nchi ya Kenya ambacho kilijibu maswali hayo kwa kazi ya mikono. Kijiji hicho ni Kamiriithu, karibu na Limuru, katika iliyokuwa Wilaya ya Kiambu. Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa hapo walijenga jukwaa lao wenyewe, wakacheza mchezo wa kuigiza kwa lugha yao wenyewe, na watu wakaja kwa wingi kuutazama. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi kwa sababu ya mambo yaliyofuata, yaani ruhusa kufutwa, mtu kutiwa kizuizini, na jukwaa kuvunjwa. Hayo nayo tutayaeleza mahali pake. Lakini litupasalo kujifunza zaidi ni namna kazi yenyewe ilivyofanywa, maana kila kijiji chenye kiwanja kitupu na watu wapendao kuimba chaweza kufanya vivyo hivyo.

KIJIJI CHENYEWE

Limuru ni nchi ya baridi na ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka Nairobi. Kuna mashamba makubwa ya chai, reli yapita hapo ikielekea Bonde la Ufa, na kuna kiwanda cha viatu cha Bata ambacho kimewapa watu kazi tangu zamani za ukoloni. Kwa hiyo wenyeji wa Kamiriithu ni watu wa kazi nyingi. Wako wanaoamka alfajiri kwenda kuchuma chai katika mashamba ya wengine, wako wanaosikiliza king'ora cha kiwanda, na wako wanaolima vipande vyao vidogo vya ardhi.

Kijiji hiki si cha kale. Kilianzishwa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowatoa Wakikuyu kwa nguvu katika nyumba zao zilizotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vyenye ulinzi, ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa mwituni. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye tutamtaja sana katika habari hizi, alikuwa mwanafunzi wa Alliance High School mwaka 1955. Aliporudi likizo alikuta nyumba ya kwao imebomolewa, na watu wake wamehamishiwa Kamiriithu. Basi wazee walioketi kutazama mchezo miaka 22 baadaye walikuwa ni watu waliowahi kuamriwa mahali pa kulala, saa ya kutoka nje na saa ya kurudi. Jambo hilo yafaa tulikumbuke, maana lasaidia kueleza kwa nini kujenga kitu kwa hiari yao wenyewe lilikuwa jambo kubwa machoni pao.

Hapo kijijini palikuwa na eka nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana. Baada ya Uhuru kituo kilififia, hata ikabaki nyumba moja ya kuta za udongo yenye vyumba vinne, nayo yaanguka, pamoja na uwanja mtupu. Naamini wasomaji wengi wanajua mahali kama hapo. Kila tarafa ina jumba au uwanja uliofunguliwa kwa hotuba na vigelegele, kisha ukaachiwa mbuzi.

KALAMU KABLA YA NGOMA

Mwaka 1976, kama Ngũgĩ mwenyewe alivyoandika baadaye, mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea nyumbani kwake asubuhi mapema. Alimwuliza kwa nini yeye na wenzake waliosoma hawakigawii kijiji sehemu ya elimu yao. Akamwambia ya kwamba kile kituo kimelala, na kwamba watu wataka kukiamsha. Ngũgĩ wakati huo alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa vimekwisha kumpatia sifa katika nchi nyingi. Hakukubali papo hapo. Mama yule hakuchoka, akarudi tena na tena, mpaka mwishowe akamvuta.

Kazi ya kwanza haikuwa mchezo. Ilikuwa ni ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, kilichoanza katikati ya mwaka huo huo wa 1976. Aliyekiongoza ni Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtaalamu wa elimu ya watu wazima. Majina ya mabwana hawa wawili yafanana, lakini wasomaji wasije wakawachanganya: mmoja alikuwa mwandishi wa hadithi, na mwingine alikuwa mfundishaji wa watu wazima. Darasani watu hawakukaririshwa herufi tu kama kasuku. Walizungumza habari za kazi zao, mishahara yao, mashamba yao na watoto wao, kisha wakajifunza kuandika maneno yaliyotoka katika mazungumzo hayo.

Mtu aliyejifunza kusoma hutaka kitu cha kusoma, na mtu aliyezoea kujadiliana darasani hutaka kusikiwa na wengine nje ya darasa. Hivyo kamati ya kituo ikafikia shauri ya kwamba hatua ya pili iwe ni mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, na kwamba hao Ngũgĩ wawili waandike rasimu yake. Twaona hapa ya kwamba mchezo haukuletwa na mgeni aliyetaka kuwachangamsha watu. Uliagizwa na kamati, kama vile mtu anavyomwagiza fundi mlango, naye fundi alipouleta walimwambia wazi mahali ulipokuwa haukai sawasawa.

LUGHA YA NYUMBANI

Kabla ya hapo Ngũgĩ alikuwa ameandika michezo kwa Kiingereza. The Black Hermit ulichezwa Kampala mwaka 1962, katika jumba la National Theatre la Uganda, wakati alipokuwa mwanafunzi wa Makerere. Mwaka 1976 mchezo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, ambao aliuandika pamoja na Mĩcere Mũgo, ulichezwa katika jumba la Kenya National Theatre mjini Nairobi. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1952, na kwa miaka mingi kilichochezwa humo kilikuwa ni michezo ya Wazungu kwa ajili ya Wazungu.

Huko Kamiriithu lugha ya mchezo ilijichagua yenyewe. Lau ungaliandikwa kwa Kiingereza, watu wengi wa darasa la ngumbaru wangaliketi kama wageni katika uwanja wao wenyewe. Basi uliandikwa kwa Kikuyu, ukaitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake "Nitaolewa Nikipenda."

Hadithi yake ni nyepesi kuifuata. Kigũũnda ni mfanya kazi wa shamba mwenye eka moja na nusu tu. Hati ya shamba hilo ameitundika ukutani kama picha ya mzazi. Siku moja tajiri aitwaye Ahab Kĩoi anamjia nyumbani pamoja na mkewe. Kigũũnda na mkewe Wangeci wadhani ya kwamba tajiri ataka mwanawe amwoe binti yao Gathoni. Kumbe wageni wawataka kwanza wao wazee wafunge ndoa ya kanisani, ingawa wameishi pamoja miaka mingi kwa desturi ya wazazi wao. Ili kupata gharama za arusi, suti na keki, Kigũũnda akopa benki na kuiweka ile hati rehani. Mwisho binti aachwa akiwa mja mzito, deni halilipiki, shamba lapigwa mnada, na mnunuzi ni yule yule tajiri.

Msomaji aweza kuona kwa nini hadithi hii iliwaingia watu. Katika nchi ambayo kipande cha ardhi ni urithi, akiba, kaburi la wazazi na chakula cha kesho, hati ikiondolewa ukutani mbele ya macho ya watu hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

NJITI ZA KIBIRITI

Hapakuwa na jumba la kuchezea. Badala ya kungoja mpaka serikali au mfadhili awajengee, wanakijiji walijitolea kujenga uwanja wa wazi, usio na paa, wenye jukwaa na mahali pa kukaa watu zaidi ya 2,000. Waliopanga kazi hiyo hawakuwa wachoraji wa majumba waliosomea Ulaya. Kikundi cha vijana wa hapo kilipanga njiti za kibiriti chini ya ardhi, hapa jukwaa, hapa viti, hapa njia. Kisha wakatengeneza mfano mdogo, na kwa kuutazama huo wakajenga wenyewe.

Twaomba wasomaji wasilipite jambo hili upesi. Mtu aliyebeba nguzo begani hawezi kuambiwa ya kwamba uwanja si wake. Akiona ubao umelegea ataugongomea bila kungoja barua. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilikuwa ikipeleka gari la sinema vijijini. Watu walikusanyika gizani, wakacheka, kisha gari likaondoka na kitambaa chake cheupe. Baadaye, kuanzia mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walizunguka katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki na michezo yao, hata kwa lugha za wenyeji, nao walipokelewa kwa furaha nyingi. Hiyo yote ilikuwa kazi njema. Lakini mchezo uliokuja na gari huondoka na gari. Ule wa Kamiriithu haukuwa na mahali pengine pa kwenda, kwa sababu wachezaji walilala umbali wa kutupa jiwe kutoka jukwaani.

MAZOEZI YA WAZI

Sasa twafika katika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililokuwa moyo wa kazi yote. Mahali pengi wachezaji hufanya mazoezi wamejifungia, na watu huitwa siku ile tu kila kitu kimekwisha kukamilika. Huko Kamiriithu hapakuwa na mlango wa kufunga. Uwanja ulikuwa wazi, basi hata kuchagua wachezaji kulifanywa mbele za watu, na mazoezi pia. Ngũgĩ amekiri ya kwamba mwanzoni hawakuwa na njia nyingine ila hiyo, lakini hawakukawia kutambua ya kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora.

Mazoezi yalifanywa hasa Jumamosi na Jumapili, alasiri, ili watu wasiharibu kazi zao za juma. Kila aliyepita njiani aliweza kusimama na kutazama, na aliyetazama hakukaa kimya. Mzee mmoja akinena jukwaani, wazee wa kweli waliokuwa wakitazama walisema, la, mzee hasemi hivyo; lugha hiyo ni ya kijana. Basi maneno yakabadilishwa, yakatiwa methali mahali pake. Wafanya kazi wa kiwanda waliposikia habari za kiwanda zikielezwa, walisahihisha namna kazi inavyogawanywa na fedha inavyolipwa, kwa sababu wao ndio waliosimama mbele ya mashine.

Kadhalika katika sehemu zilizohusu vita vya Mau Mau. Wako kijijini waliokuwa wamewahi kutengeneza bunduki za kienyeji wakati wa vita, nao wakasimamia utengenezaji wa bunduki za mchezo, ziwe kama zile za kweli. Wako wanawake waliokuwa wamewapelekea wapiganaji risasi na chakula. Watu hao hawakuhitaji kusoma historia yao katika kitabu cha mtu mwingine.

Na tuseme juu ya nyimbo, maana mchezo ule nusu yake ilikuwa muziki na ngoma. Kikuyu wana wimbo wa arusi uitwao gĩtĩĩro, ambao ni wa kujibizana, upande mmoja wauliza kwa mafumbo na upande wa pili wajibu. Waandishi hawakuujua barabara. Aliyewafundisha ni mama asiyejua kusoma wala kuandika, akautaja neno kwa neno, nao wakaufuata. Hebu fikirini, wasomaji: mwalimu wa Chuo Kikuu ameketi na kalamu, na mwalimu wake ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika daftari ya shule yo yote. Hapo ndipo tulipojifunza ya kwamba ujuzi wa kijiji haukupotea, ila ulikuwa haujaulizwa.

SIKU YA KWANZA

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba, 1977. Mwezi wa Oktoba ulichaguliwa makusudi, kwa kuwa ilikuwa imetimia miaka 25 tangu vita vya Mau Mau kuanza mwaka 1952. Kwa majuma sita watu walimiminika Limuru. Wengine walikodi mabasi na teksi kutoka mbali. Walioyaona mazoezi walikuwa wamekwisha kushika nyimbo kwa moyo, kwa hiyo wachezaji walipoanza kuimba, walioketi waliitikia, na ikawa vigumu kusema mchezo waishia wapi na watazamaji waanzia wapi.

Wachezaji walikuwa ni wale wale waliokuwa wakichuma chai Jumatatu. Yaelekea hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo: jirani yako akuone jukwaani umevaa nguo za tajiri, acheke mpaka machozi, kisha kesho yake akutane nawe kisimani akwambie ya kwamba sauti yako ilipungua katika wimbo wa pili.

RUHUSA YAFUTWA

Michezo ya hadhara ilihitaji ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo Kamiriithu waliipata. Tarehe 16 Novemba, 1977, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu aliifuta. Jukwaa likanyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa na polisi nyumbani kwake, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kushtakiwa mbele ya hakimu. Alikaa huko mpaka Desemba 1978. Katika muda huo aliandika riwaya kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, na karatasi aliyoitumia ilikuwa ni karatasi ya chooni. Ilichapwa mwaka 1980, na vituko vyake vilisomwa kwa sauti katika mabasi na vilabu, hata na watu ambao hawakununua kitabu maisha yao. Mwandishi aliyekuwa amejipatia jina kwa Kiingereza alikuwa ameamua kuiandika riwaya hiyo kwa lugha aliyoisikia kwenye mazoezi.

Wanakijiji nao hawakutawanyika. Mwaka 1981 walianza kuandaa mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, yaani "Mama, Niimbie." Huu ulizidi ule wa kwanza kwa muziki. Habari zake ni za Kenya ya miaka ya 1930, wakati wa kipande na kazi za kulazimishwa, na ndani yake ziliingizwa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, si za Kikuyu peke yake. Mwongozaji alikuwa Kĩmani Gecaũ, aliyeongoza na ule wa kwanza. Ilikusudiwa uchezwe katika Kenya National Theatre, kuanzia tarehe 19 Februari, 1982. Ruhusa haikutolewa, na siku ilipofika wachezaji walikuta milango imefungwa.

Wakarudi Chuo Kikuu, mahali walipokuwa wakifanya mazoezi, wakaendelea na hayo mazoezi yao. Na kwa kuwa ilikuwa desturi ya Kamiriithu mazoezi yawe wazi, watu waliruhusiwa kuingia bila malipo. Walijaa ukumbini, wakajaa milangoni, wakajaa nje. Ngũgĩ alikadiria ya kwamba waliotazama mazoezi hayo kumi walikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Ndipo hayo nayo yakakomeshwa.

Tarehe 11 Machi, 1982, serikali ilifuta cheti cha kuandikishwa kwa kituo cha Kamiriithu. Kesho yake polisi wenye silaha walikuja kwa malori matatu, wakaubomoa uwanja wa michezo. Nguzo zilizobebwa begani na mbao zilizopimwa kwa njiti za kibiriti zilikuwa chini kabla ya jua kutua. Ngũgĩ alibaki ng'ambo tangu mwaka huo, naye hakurudi Kenya mpaka mwaka 2004.

KILICHOBAKI

Msomaji aweza kuuliza: basi kazi ile ilikuwa na faida gani, ikiwa mwisho wake ni mbao zilizovunjika? Swali ni la haki, na jibu lataka uangalifu, tusije tukajifariji bure. Hasara ilikuwa ya kweli. Darasa la ngumbaru lilipotea pamoja na mchezo. Vijana waliokuwa wamezoea kwenda uwanjani Jumamosi alasiri walikosa mahali pa kwenda. Kijiji kilichowahi kuona nyumba zake zikibomolewa katika miaka ya 1950 kiliona tena kazi ya mikono yake ikibomolewa, na safari hii serikali ilikuwa yao wenyewe.

Walakini namna ya kazi ile haikubomoka. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walihamia Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka miwili tu kabla ya hapo, nao wakaendelea huko na kazi ya michezo ya vijijini. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alisaidia kukijenga chama cha vikundi vya michezo vya wananchi nchini humo, akakitumikia miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 2008 katika ajali ya gari. Ngaahika Ndeenda umechapwa, umetafsiriwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na mwezi wa Mei, 2022, ulichezwa mjini Nairobi kwa Kikuyu na Kiingereza. Na ulichezwa wapi? Katika Kenya National Theatre, jumba lile lile ambalo miaka 40 kabla ya hapo liliwafungia mlango watu wa Kamiriithu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliishi kuziona siku hizo. Alifariki huko Marekani tarehe 28 Mei, 2025.

Hata hivyo tusidanganyike na fahari ya jumba la mjini. Mchezo kurudi Nairobi si sawa na uwanja kurudi Limuru. Maneno yalihifadhiwa katika vitabu, lakini yule mama aliyejua gĩtĩĩro hakuhifadhiwa kitabuni. Yeye alihitaji uwanja, na watu wa kumsikiliza, na kijana wa kumwuliza, "Mama, ubeti ufuatao ni upi?"

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa hiyo makala haya hayataki kumalizika kwa masikitiko. Yataka yamalizike kwa shauri, kwa kamati zote za vijiji zilizo na jumba au kiwanja kisichotumika.

Kwanza, msingoje saruji. Kamiriithu walianza na nyumba ya udongo inayoanguka na uwanja mtupu. Waliokuwa nao tangu siku ya kwanza ni watu wenye jambo la kusema.

Pili, anzeni na masomo au mazungumzo, kisha mchezo utoke humo. Mchezo ulioletwa kutoka mahali pengine huwafurahisha watu siku moja. Mchezo uliotoka katika mambo yao, deni la mbegu, karo ya shule, mpaka wa shamba, binti aliyedanganywa, huwapa la kuzungumza mwaka mzima.

Tatu, tumieni lugha ambayo mzee kuliko wote ataielewa bila kuelezwa na mjukuu wake. Ikiwa kijiji kina watu wa lugha nyingi, Kiswahili kipo, na nyimbo za kila kabila zaweza kuingia kila moja kwa sauti yake, kama ilivyofanywa katika mchezo wa pili wa Kamiriithu.

Nne, nalo ndilo kubwa, mfanye mazoezi yenu hadharani. Ni jambo la kuona haya mwanzoni. Mchezaji asahauye maneno yake mbele ya shangazi zake atatahayari, na mwandishi aliyesoma hatapenda kuambiwa na mchuma chai ya kwamba sentensi yake haina ladha. Lakini kijiji kilichopewa nafasi ya kusahihisha kitakuja siku ya mchezo kama mwenye mali. Na asiyepewa nafasi hiyo, hata akialikwa kwa kadi yenye maua, atakuja kama mgeni, atapiga makofi kwa adabu, kisha atakwenda zake.

Tano, wazee wenye nyimbo waulizwe sasa. Kijana mwenye simu ya mkononi aweza leo kuweka sauti ya bibi yake kwa dakika moja, jambo ambalo watu wa Kamiriithu mwaka 1977 hawakuweza. Lakini simu haiwezi kumwambia umekosea pale, rudia. Bibi aweza. Basi na apelekwe uwanjani, apewe kiti mbele kabisa, na mazoezi yaanze kabla jua la Jumamosi halijashuka.